Wanafunzi wa klabu ya roboti wakija shambani kwako, wape kazi ya maji

Wiki chache zilizopita kijana mmoja anayelima nyanya robo eka kwa umwagiliaji wa matone alinipigia simu alfajiri. "Bwana shamba, tenki zima limeisha usiku, na shamba limekuwa tope!" Mtambo wa kumwagilia alikuwa amefungiwa na wanafunzi wa klabu ya roboti wa sekondari ya jirani, na mimi ndiye niliyewakutanisha. Kwa hiyo lawama nilijua sehemu ni yangu. Lita 5,000 za maji ya kupandisha kwa pampu ya petroli siyo kitu cha kucheka.

Mtambo wenyewe si mgumu. Kuna kibao cha Arduino, kihisi cha unyevu kilichochomekwa kwenye udongo, betri ya volti 12 yenye sola ndogo, na koki ya umeme kwenye bomba linalotoka kwenye tenki. Udongo ukikauka hadi kiwango mlichoweka koki inafunguka, ukilowa inafunga.

Sasa kilichoharibika ni kihisi. Walinunua kile cha bei rahisi chenye miguu miwili ya chuma kinachopitisha umeme ndani ya udongo. Umeme ukipita muda wote kwenye udongo wenye maji na chumvichumvi za mbolea, chuma kinaliwa. Kikishaliwa umeme haupiti vizuri, basi kibao kinadhani udongo umekauka, na koki inabaki wazi. Mmea unaogelea, mashine inasema una kiu!

Jumamosi wanafunzi walikuja na mwalimu wao. Hawakujitetea, na hilo nililipenda. Waliweka kihisi cha aina nyingine, ambacho chuma chake kimefunikwa na hakigusi udongo. Kinapewa umeme pale tu kinaposoma, kisha unakatwa. Kwenye programu wakaongeza kikomo, yaani koki isifunguke zaidi ya dakika 40 kwa mara moja hata kihisi kiseme nini. Mimi nikaongeza la kwangu: koki ya kawaida ya mkono kabla ya ile ya umeme. Ukisafiri, funga. Halafu ukinunua koki ya umeme, uliza inataka presha kiasi gani. Tenki lililoinuliwa mita 2 linatoa kama bar 0.2 tu, na nyingi za koki hizo hazifunguki vizuri kwa presha hiyo. Zipo zenye mota ndogo zinazofanya kazi bila presha.

Lakini kusema kweli, faida kubwa siku ile haikutoka kwenye roboti. Binti mmoja wa kidato cha tatu alimuuliza mkulima, "Kaka, kwani wewe unajuaje maji yametosha?" Kaka akajibu, "Naangalia tu, nafungulia masaa mawili." Yule binti akaandika kwenye daftari, akauliza tena, "Masaa mawili ni lita ngapi?" Kimya.

Tukapiga hesabu palepale. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Mistari ikiachana mita 1.5 unapata mpira wa karibu mita 667, na matundu kila sentimita 30 yanakuwa kama 2,200. Kila tundu likitoa lita 1 kwa saa, masaa mawili ni lita 4,400. Nyanya iliyokomaa kipindi cha jua kali inaweza kuhitaji millimita 4 hadi 5 kwa siku, ambazo kwa eneo hilo ni lita 4,000 hadi 5,000. Kwa hiyo hakuwa amekosea, ila alikuwa anatoa hayohayo tangu wiki ya kwanza ya kupandikiza, wakati miche ni midogo. Maji ya ziada yanashuka na naitrojeni yako chini ya mizizi. We unanunua urea, udongo wa chini ndo unakula.

Kisha wanafunzi wakatega vikombe 20 chini ya matundu kwa dakika 15, mwanzo wa mistari na mwishoni. Vya mwishoni vilipata karibu nusu tu! Matundu yameziba, chujio halijasafishwa tangu lifungwe. Kumbe zile nyanya zilizooza kitako upande wa chini, ambazo mwenye shamba alikuwa anazipigia dawa ya ukungu, tatizo lake lilikuwa maji. Mmea ukikosa maji kwa vipindi, kalsiamu haifiki vizuri kwenye tunda. Hakuna dawa ya ukungu inayotibu hilo. Fanya jaribio hili hata kama huna mwanafunzi wala roboti.

Kihisi lazima kipimwe kwenye udongo wako wewe. Soma namba yake kwenye udongo mkavu kabisa, kisha lowesha udongo uleule kwenye ndoo yenye matundu chini, uache uchuje siku moja, usome tena. Namba ya kufungulia koki iko kati ya hizo mbili. Chomeka usawa wa mizizi, sentimita 15 hadi 20, ushindilie udongo vizuri, maana kukiwa na hewa pembeni kitakudanganya. Na kila siku mbili chimba kidogo, ufinyange udongo mkononi.

Wanafunzi nao wanapata chao. Mashindano kama FIRST LEGO League yanataka timu zitafute tatizo la kweli na kuzungumza na wanaoguswa nalo. Msimu wa 2017/2018 mada ilikuwa maji. Kwa hiyo usiwapokee kama mafundi wa bure. Waonyeshe daftari la matumizi, hata hasara.

Ila kubalianeni mapema. Anzeni na mistari michache, siyo shamba zima. Betri ikifa nani ananunua? Namba ya mwalimu unayo? Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na shule ikifungwa hamna mtu wa kuja, kwa hiyo mwanafunzi mmoja akufundishe wewe mwenyewe kuzima na kuwasha.

Yule kijana amebaki na mtambo kwenye mistari minne. Iliyobaki anafungulia kwa mkono, na vikombe vyake anavyo.