Saa Moja Asubuhi Kwenye Ua la Tikiti: Ninavyolinda Nyuki Wangu Inyonga

Mwezi Agosti, miaka kadhaa iliyopita, nilifika kwenye manzuki yangu nikakuta nyuki wametanda chini ya mizinga. Hawakuwa wale wachache wa kila siku, wazee ambao wenzao huwatoa nje asubuhi. Lilikuwa lundo. Wengine walikuwa bado hai, wanajizungusha palepale, mabawa yanatetemeka lakini hawawezi kuruka. Nilimwokota mmoja nikaona ulimi umetoka nje. Nilikuwa na mizinga 14 eneo lile. Wiki mbili baadaye makundi 9 yalikuwa yamekwisha; mengine yamekufa, mengine yamehama.

Ukiona hivyo, ulimi nje na nyuki wanaozunguka kama wamelewa, si njaa wala si baridi. Ni sumu.

Nilijua ilikotoka. Bondeni kuna kijito, na kando yake jirani yangu, mzee aliyehamia huku na mifugo yake, alikuwa na bustani ya matikitimaji. Alikuwa amepulizia dawa saa tatu asubuhi, maua yote yamefunguka.

Inyonga ya leo si ile niliyokulia. Wazee wetu wa Kikonongo walitegemea nyuki kwa sababu mbung'o hawakuruhusu ng'ombe kuishi hapa. Asali na nta ndivyo vilivyokuwa mifugo yetu. Mwaka 2012 mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa, Inyonga ikawa makao makuu ya wilaya ya Mlele. Ofisi zikajengwa, viwanja vikapimwa, lami ya Tabora hadi Mpanda ikapita. Wakulima wa tumbaku, mahindi na alizeti wameongezeka, na wafugaji wamekuja na mifugo. Simlaumu mtu kwa kutafuta riziki. Lakini nyuki anayetafuta chakula huruka kilomita mbili au tatu bila shida, na huenda mbali zaidi maua yakiadimika. Mizinga yako inaweza kuwa ndani kabisa ya msitu, na bado nyuki wako wakawa wanakula kwenye mashamba ya watu. Ndiyo maana siku hizi, mtu akiniuliza aanzie wapi kulinda nyuki, namwambia aanze na jirani.

Mimi nilikaa siku tatu kabla ya kwenda kwa mzee. Hasira ilikuwa imenijaa, na kama ningekwenda siku ileile tungekuwa maadui mpaka leo. Wala sikuanzia kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilimwamkia shikamoo, tukazungumza habari za ng'ombe, tukazungumza maji yalivyopungua, ndipo nikamwomba anionyeshe bustani. Matikiti yake hayakuwa mazuri. Mengi yalikuwa yamegeuka njano na kudondoka yakiwa madogo kama limau. Yaliyobaki yamepinda, upande mmoja umejaa na mwingine umesinyaa. Alidhani ameuziwa mbegu mbovu.

"Mzee wangu," nikamwambia, "naomba kesho saa moja asubuhi tukae hapa mimi na wewe, tuangalie maua tu."

"Kuangalia maua, mwanangu? Na kazi afanye nani?"

Lakini alikuja.

Tikiti lina maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja. La kike utalijua kwa kitikiti kidogo kilicho chini yake. La kiume lina chavua, na chavua hiyo inanata, upepo hauibebi. Lazima mdudu aitoe kwa dume aipeleke kwa jike, tena ua moja linahitaji kutembelewa mara nyingi asubuhi hiyohiyo, kwa sababu mchana linafunga na halifunguki tena. Chavua ikikosekana kabisa, kitikiti kinakauka. Ikiwa kidogo, mbegu zinashika upande mmoja na tunda linakua upande huohuo. Maboga nayo yako hivyohivyo.

Nilimwonyesha ua la kike, tukakaa tukilitazama mpaka saa tatu. Walikuja nzi wawili na kinyuki kimoja kidogo cha porini. Nyuki wa asali hakuja hata mmoja. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Sasa nipulizie saa ngapi?"

Nilichomjibu ndicho ninachomwambia kila mkulima. Mmea ukiwa na maua, usipulizie. Kagua mapema, uwahi wadudu kabla haujachanua. Ikikulazimu kabisa, subiri saa kumi na mbili jioni, maua ya tikiti yamefunga na nyuki wamerudi, dawa ipate usiku mzima wa kukauka. Dawa ya maji ni afadhali kuliko ya unga, kwa maana unga hushika kwenye manyoya ya nyuki kama chavua, naye huupeleka nyumbani akawalisha watoto. Usioshee bomba kijitoni, kwani nyuki nao hunywa pale. Wakati wa kiangazi hakuna maji mengine.

Kuna jambo moja la chupa za dawa ambalo limewaponza wengi. Chini ya lebo kuna mkanda wa rangi: nyekundu, njano, bluu au kijani. Watu huona bluu wakatulia. Rangi ile inaeleza hatari ya dawa kwa binadamu, haisemi chochote kuhusu nyuki. Dawa ya mkanda wa bluu inaweza kumaliza manzuki nzima. Kwa hiyo soma maandishi madogo, au mwombe muuzaji wa duka la pembejeo akusomee jina la kiambata. Ukikuta neno imidacloprid au thiamethoxam, simama kwanza. Dawa za kundi hilo hufyonzwa na mmea, zikasafiri ndani yake hadi kwenye nekta na chavua, hivyo hata kupulizia usiku hakutoshi. Hizo mbili Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2018 kwa mazao yote ya shamba la wazi, kwa sababu ya nyuki. Huku kwetu mkulima wa kawaida hajawahi kuambiwa habari hizo, na nadhani sisi wafugaji nyuki tuna wajibu wa kumwambia.

Mahindi nayo yana kisa chake. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, bomba la kupulizia limekuwa chombo cha kila nyumba. Wakulima huniambia, "Mahindi huchavushwa na upepo, nyuki wako wanatafuta nini?" Nendeni shambani asubuhi wakati mbelewele zimefunguka mkaone. Nyuki wamejaa, wanabeba chavua miguuni. Mahindi hayawahitaji, ila wao wanayahitaji. Habari njema ni kwamba kiwavi huyu hupigwa vizuri muhindi ukiwa bado mdogo, anapokaa kwenye moyo wa mmea. Wengine huweka mchanga au majivu mlemle wakaokoa fedha ya dawa. Mbelewele zikishatoka, kiwavi mwingi ameshajificha ndani ya gunzi, na dawa unayopuliza juu inawaangukia nyuki tu.

Mimi na mzee tulikubaliana kwamba kabla ya kupulizia ananitumia mtu. Mizinga yangu ya karibu na bonde niliishusha kutoka mitini nikaiweka chini ya kivuli, juu ya vigingi vilivyopakwa oili chafu kuzuia siafu, ili niweze kuifikia. Nikipata taarifa, giza likianza kuingia na nyuki wamerudi, nafunika kila mzinga kwa gunia la katani lililoloweshwa maji, hadi mlangoni. Hewa inapita lakini nyuki hatoki. Asubuhi nalowesha tena, na ikifika mchana nafunua. Usizidishe hapo. Na tafadhali usizibe mlango kwa udongo. Kundi kubwa lililofungiwa kwenye joto la Agosti hufa kwa saa chache, na utakuwa umewaua kwa mkono wako.

Sasa mizinga yenyewe. Nasema hili nikijua babu yangu angesikitika. Mzinga wa gome ni mwepesi, haugharimu kitu, na nyuki huupenda. Lakini ukivua gome kuzunguka shina lote, mti unakufa, na mara nyingi mti huo ni mtundu au ndugu yake katika miombo, yaani uleule unaotulisha. Mtundu huchanua Septemba na Oktoba kabla ya mvua, wakati ambao karibu kila kitu kingine kimekauka. Kila mzinga wa gome umenunuliwa kwa maua ya miaka mingi. Mimi nimehamia mizinga ya mbao yenye viunzi, na nikitaka gome ninalitoa kwenye miti ambayo mtu ameshaiangusha akisafisha shamba. Mizinga ya viunzi pia hukuruhusu kurina sega moja moja, ukawaachia nyuki akiba na watoto wao. Na rina kwa bomba la moshi, si kwa mwenge wa nyasi. Mwenge huunguza nyuki, kisha cheche zake huunguza msitu. Nyasi zinazozunguka manzuki nazichoma mwenyewe mapema, mwezi Mei au Juni zikiwa bado na unyevu, ili moto mkubwa wa Septemba ukifika usipate cha kula.

Tumbaku inanisumbua zaidi. Mkulima hukata maua yake ili majani yanenepe, kwa hiyo nyuki hawapati kitu, huku mabani ya kuikaushia yanakula kuni za miombo kila msimu. Ninachoomba kwa majirani zangu ni kidogo: wasiguse miti mikubwa inayochanua, wapande ya kwao ya kuni. Baadhi wamekubali.

Kwa msitu uliobaki, lipeleke suala kwenye mkutano wa kijiji kabla ya wapima viwanja kufika. Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga hifadhi yake ya nyuki. Chama cha wafuga nyuki wa Inyonga, pamoja na shirika la ADAP la Uswisi, walianza zamani kuushikilia msitu wa Mlele kwa njia ya mizinga. Mtu mwenye mizinga msituni hujua mara moja nani ameingia na shoka.

Wa mjini, mnaojenga, nanyi mna kazi. Kundi likining'inia kwenye mwembe wako, usilete petroli. Nyuki wa kundi linalohama wamejaza asali tumboni na hawana nyumba ya kulinda, hivyo huwa wapole kuliko walio mzingani. Watoe watoto mbali, wafungie mbwa, mwite mfugaji nyuki au afisa nyuki wa wilaya. Jioni tutawachukua kwenye sanduku. Mizinga yenyewe isiwe uani. Hawa ni nyuki wa Afrika, na mimi sikubali chini ya mita 200 kutoka kwenye nyumba au shule. Weka beseni la maji lenye mawe ya kutulia wasizame, na kwenye kiwanja acha mlonge, mwembe, na kipande cha magugu yenye maua.

Nisiwasahau wengine. Wale nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao chachu tunawapa wenye kikohozi, wakikatiwa mti hufa wote: malkia wao akishaanza kutaga hawezi tena kuruka. Ukikuta wamo kwenye gogo, beba gogo zima uliweke kivulini. Yule mweusi mkubwa anayetoboa boriti za nyumba ndiye fundi wa nyanya na bilinganya. Chavua ya nyanya imefungiwa ndani, hutoka ua likitikiswa kwa mvumo wake, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi. Mwachie boriti moja kuukuu. Na popo mnaowapiga mawe ndio wanaochavusha mbuyu, ua ambalo hufunguka usiku.

Matikiti ya mzee siku hizi ni ya duara. Ameongeza nyanya upande wa pili wa kijito. Jana jioni mjukuu wake alikuja mbio akihema.

"Shikamoo, mjomba. Babu kasema anapulizia leo, jua likizama."

"Marahaba. Mwambie babu nashukuru."

Mizinga ilikuwa sita. Tulichukua magunia na ndoo, naye akanishikia tochi.