Magonjwa Mawili ya Nepia

Mkulima wa skimu afugaye ng'ombe wa maziwa hana mbuga ya kuchungia. Malisho yake ni nepia, yale majani ambayo wengine huyaita mabingobingo. Yakiharibika, fedha za maziwa huishia kununua majani kwa watu, na mwishowe ng'ombe mwenyewe hupelekwa sokoni. Basi yafaa kila mwenye ploti ajue magonjwa mawili yaletayo hasara hiyo: kudumaa na masizi.

Ugonjwa wa kudumaa umesumbua sana sehemu za magharibi, kama Bungoma na Busia. Ni mjanja, maana mara nyingi hauonekani mpaka nepia ikatwe. Machipukizi yanapotoka tena, utaona shina limetoa vijiti vingi vyembamba vilivyosongamana, majani ni madogo na ya manjano, wala hayarefuki. Kila ukikata, hali huzidi kuwa mbaya, hata shina likafa. Vijidudu vya ugonjwa huu huishi ndani ya mmea, na huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye ambaye hufyonza utomvu wa majani.

Wakulima wengi wakiona manjano husema, "Ardhi imechoka." Huenda ni kweli, lakini tazama vizuri. Nepia yenye njaa ya mbolea huwa ya manjano karibu shamba zima, na ukitia samadi hupata nguvu tena. Nepia iliyodumaa huanza shina moja hapa na jingine pale, katikati ya mashina mazuri, na samadi haiisaidii.

Masizi ni rahisi kutambua. Ugonjwa huu ni wa ukungu, na umeonekana zaidi sehemu za kati, kama Kiambu na Murang'a. Nepia hutoa maua kabla ya wakati wake, ingali fupi, na masuke yake yamejaa unga mweusi. Ukiyagusa, kidole huchafuka kama umegusa sufuria ya kuni. Unga huo ndio mbegu ya ugonjwa, nao hupeperushwa na upepo.

Usipoteze fedha kununua dawa ya kunyunyizia. Shina lililougua haliponi. Ling'oe lote pamoja na mizizi, ulikaushe na kulichoma palepale. Usilitupe njiani wala kumpa ng'ombe masuke yenye masizi, kwa kuwa unga ule waweza kurudi shambani pamoja na samadi mbichi. Samadi na irundikwe hata ioze kabisa. Tena usiiache nepia ikomae mpaka itoe maua. Ikate ikiwa na urefu wa kama mita moja.

Lakini njia kubwa ya magonjwa haya yote mawili ni mbegu tunazopeana. Kumpa jirani mzigo wa nepia ni desturi njema, nasi hatusemi iachwe. Twasema tu usichukue vipande usiku kwa tochi, au vilivyokwisha kukatwa ambavyo hukuona shina lake. Mwombe jirani akuruhusu kutazama shamba lake wiki mbili au tatu baada ya kukata, wakati ambapo kudumaa hujionyesha. Funga kamba kwenye mashina mazuri, kisha urudi kuchukua mbegu yatakapokuwa yamekomaa.

Aina za Kakamega 1 na Kakamega 2 huvumilia masizi vizuri, na mwenye shida hiyo afadhali azipande. Hata hivyo zilichaguliwa kwa ajili ya masizi, si kudumaa. Mtu wa Bungoma asidhani kwamba akizipanda amepona.

Mahali ulipong'oa mashina mengi, usirudishe nepia upesi. Panda viazi vitamu, ambavyo majani yake ng'ombe huyapenda, au desmodiamu. Kagua mashina yaliyobaki kila baada ya kukata, na ukiona dalili mpya, mwite Bwana au Bibi Shamba kabla hujampa mtu mwingine mbegu.