Somo la Nne: Kumpata Mfanyakazi Mwaminifu kwa Saluni Mpya

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mwenye saluni ataweza kupima ujuzi wa mwombaji kazi, kuthibitisha historia yake, kuandika mapatano ya malipo, na kuweka utaratibu wa fedha unaomlinda yeye pamoja na mfanyakazi wake. Sheria tunazozitaja ni zile za Tanzania Bara.

Kisa cha kujifunzia

Tunaanza na kisa tulichokitunga ili tujifunze. Mama mmoja wa Morogoro aliweka akiba kwa miaka kadhaa, akapanga fremu karibu na stendi, akanunua draya mbili, viti vitatu na sinki la kuoshea nywele. Jirani yake alimletea msusi akisema, "Huyu dada ana mkono mwepesi na ni mtu wa dini." Kaunta akamkabidhi binti wa dada yake. Kuhusu malipo, walikubaliana kwa mdomo kwamba msusi angepata asilimia 40 ya kazi yake.

Mwisho wa mwezi wa kwanza ukazuka ubishi. Msusi alihesabu asilimia 40 ya fedha zote alizolipa mteja. Mama alihesabu asilimia 40 ya kilichobaki baada ya kutoa gharama za rasta na dawa. Msusi akajiona amedhulumiwa, akaanza kupokea malipo ya baadhi ya wateja kwa simu yake mwenyewe. Mama alipogundua, alimwita mwizi mbele ya wateja na kumzuilia mshahara. Msusi akaondoka, na wateja wengi wakamfuata.

Tunamwomba msomaji alishike swali hili hadi mwisho wa somo: kosa la kwanza katika kisa hiki lilitendeka siku gani?

Jua unamtafuta nani

Kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba unatafuta mfanyakazi, andika kazi yenyewe. Kusuka, kuweka dawa, kunyoa, kubandika kucha na kope, na kupamba maharusi ni kazi tofauti, na ni nadra mtu mmoja kuzimudu zote kwa kiwango kimoja. Andika pia saa za kazi, siku ya mapumziko, na nani atakayefagia, kufua taulo na kuosha vitana. Mambo haya madogo yasiposemwa mapema huwa chanzo cha manung'uniko.

Ukiisha kuandika, tafuta katika njia zaidi ya moja. Vyuo vya VETA na vyuo vingine vilivyosajiliwa hufundisha ususi na urembo, na walimu huwajua wahitimu wao kwa tabia na kwa ujuzi. Wapo pia mafundi wengi waliojifunza kazi mitaani wakiwa chini ya msusi mkubwa. VETA inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu wa namna hiyo, kwa hiyo kukosa cheti leo kusikuzuie kumwita fundi huyo kwenye majaribio.

Kuhusu kuajiri ndugu, hatukatazi. Tunashauri tu kwamba ndugu naye apimwe, aandikiwe mkataba na alipwe kama mwingine yeyote. Binti aliyekaa kaunta bila mshahara uliotajwa, kwa kuwa "ni mtoto wa nyumbani", amewekwa katika majaribu. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya umri wa miaka 14, na inakataza kumpa aliye chini ya miaka 18 kazi katika mazingira ya hatari. Kukorogea dawa kali za nywele tunakuhesabu kuwa kazi ya hatari.

Kupima ujuzi kwa macho

Sifa za mdomoni hazitoshi. Mwombe mwombaji afanye kazi halisi kwa mtu aliyekubali, ukiwa umekaa pale unaangalia. Siku hiyo ya majaribio ilipwe. Anayewasukisha watu wiki nzima bila malipo kwa kisingizio cha majaribio amekwisha kumfundisha mfanyakazi wake kwamba katika saluni hii jasho la mtu huliwa.

Unapoangalia, usitazame uzuri wa mtindo peke yake. Maswali yafuatayo yatakuonyesha kama mwombaji ni mwangalifu:

1. "Mteja akija na vidonda kichwani akitaka kuwekewa dawa, utafanyaje?" Dawa nyingi za kulainisha nywele zina kemikali kali zinazoweza kuunguza ngozi. Jibu sahihi ni kumwomba mteja arudi akipona, hata kama saluni itakosa fedha za siku ile.

2. "Kabla ya kumpaka mteja rangi ya nywele, unafanya nini?" Fundi makini hupaka kiasi kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko, kisha husubiri saa 48 aone kama ngozi itawasha au kuvimba.

3. "Mashine ya kunyolea na vifaa vya kucha unavisafishaje baina ya mteja na mteja?" Vifaa huoshwa kwanza, ndipo vitiwe dawa ya kuua vijidudu. Wembe hutumika kwa mtu mmoja na kutupwa. Damu kidogo iliyobaki kwenye kifaa inaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B.

4. "Mteja akileta krimu ya kung'arisha ngozi isiyo na maelezo, utaipaka?" Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Fundi mwaminifu hukataa.

Majibu haya yanapima uaminifu pia. Anayekubali kukosa kipato cha siku ili asimuumize mteja ameonyesha tabia ambayo barua ya sifa haiwezi kuionyesha.

Kuthibitisha historia

Mwombe mwombaji kitambulisho cha taifa, barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi, na majina ya watu wawili waliowahi kufanya naye kazi. Tazama kitambulisho na vyeti halisi, chukua nakala, kisha umrudishie mwenyewe. Kukaa na vyeti vya mtu kabatini ili asitoroke ni kumfunga kamba, na hakujengi uaminifu. Cheti cha chuo kithibitishwe kwa chuo chenyewe.

Mpigie mwajiri wa zamani kwa idhini ya mwombaji. Usimwulize kama fulani ni mtu mzuri, maana wengi hujibu kwa huruma au kwa chuki. Uliza mambo yanayoweza kujibika: alifanya kazi tangu lini hadi lini, alishika fedha au hakushika, aliondoka kwa sababu gani, na je, ungemwajiri tena? Ukisikia tuhuma, mpe mwombaji nafasi ya kujieleza. Waajiri nao hukosea, na wapo wanaomsema vibaya msusi kwa sababu tu aliondoka na wateja walimpenda.

Yapo maswali usiyopaswa kuyafanya kigezo. Sheria hiyo ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu kama vile ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, kabila, dini, au kuishi na virusi vya UKIMWI. Vilevile taarifa unazokusanya kuhusu mwombaji zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zihifadhi mahali salama, usizisambaze kwenye makundi ya simu.

Mapatano ya malipo

Sasa turudi Morogoro na kufanya hesabu. Tuseme msusi ameingiza shilingi 60,000 kwa siku, na rasta na dawa zimegharimu shilingi 15,000. Kwa hesabu ya msusi, asilimia 40 ya 60,000 ni shilingi 24,000. Kwa hesabu ya mama, asilimia 40 ya 45,000 ni shilingi 18,000. Tofauti ni shilingi 6,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, inafika shilingi 156,000.

Hesabu zote mbili zinaweza kuwa halali. Kosa lilikuwa kuanza kazi bila kuchagua mojawapo. Kwa hiyo andikeni: asilimia inatolewa kwenye fedha zote au baada ya gharama, gharama zipi zinahesabiwa, malipo hutolewa siku gani, na siku isiyo na wateja msusi anapata nini. Malipo yasishuke chini ya kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali. Ulizia kiwango kinachotumika sasa kwenye ofisi ya kazi iliyo karibu nawe.

Wengine huamua kukodisha kiti: msusi hulipa kiasi maalumu na kubaki na mapato yake. Utaratibu huo unakubalika iwapo msusi kweli anajitegemea. Lakini ukimpangia saa za kuingia na kutoka, na namna ya kufanya kazi, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa wako hata kama mmemwita mpangaji wa kiti.

Mkataba na haki za msingi

Mkataba uwe wa maandishi, kwa Kiswahili ambacho mfanyakazi anakielewa. Utaje jina, umri, jinsia na anuani yake, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na malipo pamoja na jinsi yanavyohesabiwa. Kila upande ubaki na nakala. Mwajiri anatakiwa kuitunza nakala yake kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Ukitokea mgogoro na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha yale yanayobishaniwa humwangukia yeye.

Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Saluni hufurika wateja Ijumaa, Jumamosi na mkesha wa sikukuu. Hilo haliondoi haki ya mapumziko ya saa 24 kila wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28, na likizo ya uzazi ni siku 84. Mwajiri anapaswa pia kumwandikisha mfanyakazi wake NSSF na kupeleka michango kwa wakati.

Kipindi cha uangalizi kiandikwe. Tunashauri miezi mitatu, mkikaa pamoja kila mwisho wa mwezi kutazama yaliyokwenda vizuri na yaliyopungua.

Fedha, dawa na simu

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Utaratibu ufuatao uanze siku ya kwanza, wala usingoje wizi:

- Malipo ya simu yapite kwenye lipa namba ya biashara, iliyobandikwa ukutani mteja aione. Simu ya mfanyakazi isitumike kupokea fedha za saluni.
- Kila mteja aandikwe daftarini: huduma, kiasi na jina la fundi. Fundi aweke sahihi jioni.
- Fedha zihesabiwe na watu wawili kabla ya kufunga.
- Pima mwenyewe kopo moja la dawa linatosha vichwa vingapi, ndipo ulinganishe makopo na daftari kila wiki.
- Namba za wateja zitunzwe kwenye simu ya saluni, kwa ridhaa ya wateja wenyewe.

Mweleze mfanyakazi kwamba utaratibu huu unamlinda na yeye. Siku fedha zikipungua, mwenye sahihi daftarini hatasingiziwa.

Upungufu ukitokea

Usimtuhumu mtu mbele ya wateja. Mwite pembeni, mweke mezani daftari, umsikilize. Mshahara haukatwi kwa hasira. Ili mwajiri akate fedha kufidia hasara, ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo na kiasi chake, na mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara yenyewe, wala robo ya mshahara. Mkishindwa kuelewana, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kufika huko ndani ya siku 30.

Zoezi

Tulimwomba msomaji ashike swali. Jibu letu ni kwamba kosa la kwanza lilitendeka siku ya kuajiri, pale watu wawili wenye nia njema walipopeana mikono bila kuandika. Pengine msusi yule hakuwa mwizi alipoingia, na mama yule hakuwa dhalimu alipofungua milango.

Chukua karatasi, uandike mambo matano utakayomweleza mfanyakazi wako wa kwanza kabla hajashika kitana: kazi yake, malipo yake na jinsi yanavyohesabiwa, siku yake ya mapumziko, namna fedha zinavyopokelewa, na namna mtakavyozungumza mkikosana. Ukishindwa kuandika hata moja kati ya hayo, bado hujawa tayari kuajiri. Lirudie somo hili, kisha ufungue saluni.