Kupandisha Toleo na Kuijenga Upya Faharasa ya Kiswahili: Seva Tatu katika Tarakilishi Moja

Mtafiti wa fasihi anayetafuta neno soma katika hazina ya matini za Kiswahili hutarajia kuletewa pia anasoma, walisomeana na msomaji. Aghalabu haletewi. Makala haya yanaeleza jinsi mwanafunzi wa Kiswahili mjini Kakamega, awe katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro au nje yake, anavyoweza kuunda kundi dogo la seva za utafutaji za Elasticsearch baada ya kupandisha toleo la programu hiyo, na kwa nini wakati huo ndio unaofaa kuirekebisha faharasa yenyewe.

Elasticsearch ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2010. Kwa kawaida, toleo kuu jipya husoma tu faharasa iliyoundwa na toleo kuu lililolitangulia. Faharasa ya toleo la 6, mathalani, sharti iundwe upya ndipo itumike katika toleo la 8 lililotoka mwaka 2022. Wengi huona huo kuwa usumbufu. Kwa Kiswahili ni nafasi adimu, maana hata namna ya kuchanganua maneno yaliyokwisha kuingizwa haibadiliki mpaka matini ziingizwe tena. Kazi hizo mbili ni moja.

Seva hapa ni programu inayoendeshwa, si lazima iwe mashine ya pekee. Hivyo seva tatu zaweza kukaa katika tarakilishi moja, kila moja ikiwa na kabrasha lake tupu la data. Kabrasha la zamani lisiguswe, kwani likishafunguliwa na toleo jipya halirudi kwa la awali. Idadi ya tatu ina sababu: kiongozi wa kundi huchaguliwa kwa wingi wa kura, na moja ikizimika, mbili zilizosalia zatosha kuendelea. Anayeanza na seva moja huona rangi ya manjano akadhani ameharibu kitu. Manjano humaanisha tu kwamba data ipo ila nakala zake hazina pa kukaa, kwa kuwa nakala haiwekwi pamoja na asili yake. Aidha, toleo la 8 hudai nenosiri tangu mwanzo. Programu za zamani zilizozoea kuingia bila hodi hukataliwa.

Seva hizo tatu, hata hivyo, hufundisha tabia ya kundi tu, hazilindi data. Radi ya alasiri ikikata umeme Kakamega, zote huzimika pamoja. Matini asilia zihifadhiwe kando, kwani faharasa si hifadhi.

Kiini cha suala ni mofolojia. Katika orodha ya lugha ambazo toleo la 8 lilikuja na vichanganuzi vyake wamo Kiarabu, Kihindi na Kituruki, Kiswahili hakimo. Kichanganuzi cha kawaida hutenga maneno kwa kufuata mipaka yake na kuondoa herufi kubwa, basi. Kwake anasoma na walisoma ni maneno mawili yasiyohusiana, ilhali mzizi -som- umo katika yote mawili, nyuma ya viambishi vya nafsi na njeo. Hata ng'ombe aliyeandikwa kwa ritifaa iliyonyooka hapatikani na anayetafuta kwa ritifaa iliyopinda.

Suala la ritifaa ni jepesi: kichujio hugeuza aina zote kuwa moja kabla ya uchanganuzi. Viambishi ni vigumu zaidi. Kanuni ya kukata ki- kila ionekanapo hugeuza kitabu kuwa tabu; ile ya kukata wa- huacha li pale palipokuwa na wali. Uchanganuzi kamili unawezekana, kama ulivyodhihirishwa na kazi ya Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki, iliyoanza mwaka 1985. Kwa mwanafunzi, njia ya karibu ni kuandaa orodha ya maneno na mashina yake, kutoka matini zenyewe, na kuikabidhi kwa kichujio. Ni kazi ya mwanaisimu kuliko ya fundi wa tarakilishi.

Jaribio la kwanza liwe la maneno machache. Anayetafuta soma aletewe walisomeana. Anayetafuta kitabu asiletewe tabu. Likishindikana, orodha hurekebishwa, faharasa hufutwa, matini huingizwa tena, na hakuna msomaji wa maktaba aliyekatiziwa kazi.