Upepo wa Noti 25 ni Upepo Gani?

Kaskazi imeshatupa mgongo. Kuanzia Diani hadi Msambweni kusi inaingia pamoja na masika, mahindi yamefika magotini, na migomba imeanza kuinama kwa uzito wa mikungu. Ndio msimu ambao redio hutangaza kwamba Idara ya Hali ya Anga inatarajia upepo wa zaidi ya noti 25, na mkulima anabadilisha stesheni akiamini hayo ni ya wavuvi.

Noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa. Kwenye kipimo cha Beaufort, alichokibuni afisa wa jeshi la majini la Uingereza mwaka 1805, hiyo ni ngazi ya 6 kati ya 12: matawi makubwa ya mwembe yanayumba na mwavuli haushikiki. Kwenye ngazi ya 8, kuanzia noti 34, vijitawi vinakatika. Ngazi ya 9 inaanza kuondoa mabati yaliyolegea, na banda la kuku lililopigiliwa harakaharaka halina lake. Ngazi ya 12, noti 64 na zaidi, ni kimbunga.

Tahadhari na hesabu yenyewe. Mwendo wa upepo ukiongezeka maradufu, msukumo wake unakuwa mara nne. Kwa hiyo noti 40 inausukuma mgomba wako mara mbili na nusu kuliko noti 25, tena kwenye udongo uliolowa usioshika mizizi.

Wengi tunakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofunga fukwe zetu na kuwaweka wavuvi nchi kavu. Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi hupimwa na kituo cha Ufaransa kisiwani Réunion, kwa wastani wa upepo wa dakika 10. Kilomita 63 kwa saa ni dhoruba ya wastani, 89 ni dhoruba kali, 118 ni kimbunga, 166 kimbunga kikali. Wamarekani hutumia wastani wa dakika 1, ndiyo maana simu yako inaweza kukupa takwimu mbili za dhoruba ile ile. Hidaya alifika daraja la kimbunga baharini, akapungua nguvu alipofika Mafia. Lakini daraja hupima upepo tu; dhoruba iliyoshushwa daraja bado inaweza kumwaga mvua ya kufurika shamba.

Diani iko nyuzi 4 na kidogo kusini mwa ikweta, na karibu hivyo na ikweta dhoruba hupata shida kujizungusha. Hilo hutusaidia, ila si hirizi. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi, na Pemba, iliyonusurika zaidi, ikashika usukani wa karafuu.

Basi wiki hii anza na migomba. Mkungu uliokomaa ukate, usingoje bei ya wiki ijayo. Ulio mchanga utegemeze kwa miti miwili iliyopishana chini ya shingo ya mkungu, upande unaoinamia. Mpapai una shina lenye uwazi na hautegemezeki vizuri. Punguza matunda yaliyokomaa juu, basi. Mahindi yainulie udongo shinani wakati wa palizi. Yakilala kabla ya kutoa mbelewele, yaache: mengi hujiinua yenyewe kwa siku chache, na ukiyasimamisha kwa mikono unakata mizizi iliyobaki.

Minazi mnaijua, inapinda na kurudi. Kilicho hatari ni makuti makavu na nazi zilizokauka juu ya paa la jirani.

Kwa kinga ya kudumu, panda mvinje au mwarobaini upande wa kusini na kusini-mashariki wa shamba, ukikingama na upepo. Ukuta wa mawe siupendi kwa kazi hii, maana upepo huruka juu yake na kuanguka kwa vurugu nyuma. Mstari wa miti unaopitisha upepo kidogo hupunguza kasi hadi umbali wa mara kumi ya urefu wake: mivinje ya mita 8 inakinga mita 80 hivi. Wenye mashamba juu ya mawe ya matumbawe wachimbe mashimo mapana kuliko kawaida, la sivyo mti wenyewe utakuwa wa kwanza kulala. Miche ipandwe sasa, mvua ikiwa bado ipo.