SOMO LA UFUNDI: EPOKSI YA MARUMARU JUU YA FITO ZA KUVULIA

Katika bandari za mwambao ambako mashua hupeleka wageni kuvua sulisuli na jodari, kama vile Malindi, Watamu na Shimoni, ufito wa kuvulia ni mali ya thamani. Chumvi huzila pete zake, nyuzi zifungazo pete hulegea, na gundi iliyo juu ya nyuzi hugeuka manjano kwa jua. Fundi aliye mwanachama aweza kuufunga upya. Lakini mwenye ufito mara nyingi huomba na pambo, na pambo lipendwalo siku hizi ni lile la rangi zilizochanganyikana mithili ya jiwe la marumaru, ambalo lilienezwa na watengenezaji wa fito kwa mkono huko Marekani. Kazi hiyo yaweza kukiletea chama kipato. Yaweza pia kukitia katika deni, kwa kuwa ufito unaoharibika ni wa mtu mwingine.

Yafaa ijulikane kwanza mahali pa kuliweka pambo. Ufito hufanya kazi kwa kupinda, na kila tone la gundi lililo karibu na ncha huongeza uzito na kuufanya uwe mzito wa kurudi. Pambo la marumaru basi ni la sehemu iliyo juu ya mpini tu, ambapo ufito haupindi sana. Anayedai kwamba pambo huuongezea ufito nguvu apuuzwe. Pete hushikwa na uzi uliokazwa vyema na tabaka jembamba la gundi, basi.

Epoksi ni gundi ya maji mawili, iliyobuniwa na wakemia wa Uswisi na Marekani katika miaka ya 1930 na 1940. Chupa moja ina utomvu, ya pili ina kigumishi. Haikauki kama rangi ya maji ya ukutani, ambayo hukauka kwa kuwa maji yake yameruka hewani. Epoksi hukaza kwa sababu chembe za utomvu hushikamana na chembe za kigumishi, kila moja na mwenzake. Chembe iliyokosa mwenzake hubaki majimaji, na kuuanika ufito juani hata mwezi mzima hakutaiponya. Wapo wanaodhani kwamba kigumishi kikizidishwa kazi itakwenda haraka. La hasha; kigumishi kilichozidi ni uchafu uliobaki ndani ya gundi.

Kwa hiyo ufundi wote umo katika kipimo. Epoksi nyingi za fito hupimwa sawa kwa sawa kwa ujazo, lakini zipo za sehemu mbili kwa moja, na maelezo ya chupa ndiyo ya kufuatwa. Ujazo si uzito: maji hayo mawili hayana uzito mmoja, na mwenye kupima kwa mizani kile kilichoandikiwa ujazo atakosea. Yatumiwe mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja la kila chupa, yametiwa alama ili yasibadilishane kamwe. Yale yenye kizibo cha mpira mara nyingi hupakwa mafuta ya silikoni kiwandani, na mafuta hayo huifanya gundi ijitenge na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Afadhali ya plastiki tupu. Mchanganyiko ukorogwe polepole kwa dakika 3 hivi, huku kijiti kikikwangua kingo na chini ya kikombe, kwani utomvu usiochanganyika hujificha huko.

Sasa marumaru yenyewe. Sehemu ya kupambwa hupakwa kwanza tabaka la rangi nzito, nyeusi au buluu ya usiku, likaachwa likaze, kisha likasuguliwa kidogo kwa msasa laini na kufutwa vumbi. Baadaye huchanganywa epoksi moja kwa kazi nzima, ndipo igawanywe katika vikombe vidogo na kila kimoja kutiwa rangi yake. Kwa njia hiyo rangi zote huwa na kipimo kimoja na hukaza kwa pamoja. Rangi iwe ya unga au ya uji iliyotengenezwa kwa epoksi, nayo isizidi sehemu moja katika ishirini; rangi ya mafuta ya milangoni haifai.

Hapa subira yahitajika. Gundi ikiwa nyepesi, rangi hukimbiliana na kuwa tope moja. Ikiwa imeshika sana, huacha mabonge. Wakati mwema ni inapodondoka kama asali. Ufito huzungushwa taratibu, rangi mbili au tatu hudondoshewa kwa mistari, na ncha ya sindano hupitishwa kuzivuta mara chache tu. Mafundi wapya huharibu kwa kuendelea kuchora wakati pambo limekwisha kupendeza. Kesho yake hupakwa tabaka jangavu la kufunika.

Ufito usipozungushwa, gundi hutiririka upande wa chini. Mota ndogo ya kuzungusha sahani ya jiko la mikrowevu yatosha, mradi nyaya zake zifungwe na fundi wa umeme. Asiye na mota augeuze kwa mkono kila baada ya dakika chache, saa kadhaa za mwanzo. Joto la mwambao hufupisha muda wa kazi, na gundi iliyoachwa kwa wingi kikombeni hujichemsha yenyewe hata kutoa moshi. Imiminwe ikae nyembamba juu ya karatasi ya alumini. Wakati wa masika unyevu huweza kuacha utando kama mafuta juu ya gundi. Utando huo uoshwe kwa maji na sabuni, usuguliwe, ndipo tabaka la pili lipakwe.

Glovu ni lazima. Kigumishi chaweza kuifanya ngozi iikatae epoksi, na aliyekwisha kupatwa na hali hiyo huenda asiweze kuigusa tena maishani. Mikono ioshwe kwa sabuni, kamwe si kwa spiriti wala asetoni, ambazo huipenyeza gundi ndani ya ngozi.

Kwa upande wa katibu, ufito wa mteja usipokewe kabla fundi hajaonyesha vipande vitatu vya fito zilizovunjika, alivyovipamba siku tofauti, ambavyo ukucha haviachii alama baada ya wiki moja. Ufito upokewe kwa maandishi yanayotaja nyufa zake zote. Daftari lionyeshe tarehe, hali ya hewa, kipimo na saa ya kuchanganya. Kazi ikinata, hapo ndipo sababu itakapoonekana. Inayonata kidogo huenda ikafunikwa na tabaka jipya lililopimwa vyema, lakini iliyobaki laini hapana budi ikwanguliwe yote, kwa gharama ya chama. Bei basi ihesabu epoksi ya kazi moja iliyoharibika kwa kila kadhaa zilizofaulu, na mkutano wa wanachama ukubaliane mapema ni nani atakayelipa ufito ukivunjika mikononi mwa fundi.