Aachaye Tumbako Huacha na Mengine

Ijulikane, ndugu yetu, ya kuwa ada ya kuvuta sigara haikai peke yake. Ina wenziwe: kahawa ya barazani, kukesha, na uvivu wa kutembea. Kwa hivyo mtu aiachapo, na hao wenziwe hutikisika.

Itazame kahawa. Moshi wa tumbako hulifanya ini liiondoe upesi nguvu ya kahawa mwilini. Sigara ikikatwa, nguvu hiyo hukaa damuni muda mrefu zaidi. Basi aliyezoea vikombe sita baada ya Isha, akiendelea navyo vile vile, moyo humpapa na usingizi humruka. Naye hudhani ni hamu ya tumbako imtesayo, akairudia! Lau angalipunguza kahawa hata nusu, angalilala mapema, na kuamka Alfajiri kungalimwia kwepesi.

Na pumzi je? Haupiti muda wa siku mbili ila sumu ya moshi iliyokuwa ikishika mahali pa hewa safi damuni imekwisha toka. Na baada ya majuma machache, aliyekuwa akihema ngazini huweza kwenda sokoni kwa miguu. Ulimi nao huonja upya, na njaa huzidi. Hapa pana hadhari: mkono uliozoea sigara usipewe halua, upewe chungwa.

Katika Ramadhani sigara na kahawa hukatwa pamoja kutwa nzima. Aliyeweza tangu Alfajiri hata Magharibi, ni nini kimlazimishacho kuiwasha mara amezapo tende?